Siku 30 Zinahesabiwa Tangu Lini?

Muulize mkandarasi binafsi mteja wake hulipa baada ya muda gani, atakujibu haraka: siku 30. Muulize tena, tangu lini? Hapo wengi husita, na hapo ndipo hela hukwama.

Tuseme umekabidhi kazi tarehe 3 Machi. Uchovu ukakushika, ankara ukaituma tarehe 20. Mkataba unasema utalipwa siku 30 baada ya kazi kuidhinishwa, na meneja akaidhinisha tarehe 31. Fedha zinaingia 30 Aprili. Siku 58 zimepita, na kwa mujibu wa mkataba mteja hajachelewa hata siku moja. Kumi na saba kati ya hizo umejichelewesha mwenyewe.

Neno la hatari hapo ni "kuidhinishwa", maana halina kikomo. Japani waliliona hilo: sheria yao ya wafanyakazi huru, iliyoanza Novemba 2024, inataka malipo yafanyike ndani ya siku 60 tangu kazi ipokelewe, iwe imekaguliwa au bado. Jijini New York, tangu 2017, mkataba usipotaja tarehe, mkandarasi alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi. Uingereza, kampuni ikichelewa, anayedai anaruhusiwa kutoza riba ya asilimia 8 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Wengi hawaitozi kwa kuogopa kumpoteza mteja, na siwalaumu.

Kwa maoni yangu, siku 14 zinatosha kwa kazi ndogo na 30 kwa kazi ya kawaida. Sitini ni kumkopesha mteja bila riba. Kazi ya miezi igawe kwa awamu, kila awamu na ankara yake. Kisha ongeza sentensi moja mkatabani: "Mteja asipotoa maoni ndani ya siku 7 tangu kukabidhiwa, kazi itahesabiwa kuwa imekubaliwa."

Siku ya kulipwa ikipita, kesho yake andika ujumbe mfupi kwa mhasibu, na nakala kwa aliyekupa kazi. Taja namba ya ankara, kiasi na tarehe iliyopita. Ambatisha ankara ile ile ya mwanzo. Usitengeneze mpya, kwani tarehe mpya huwapa sababu ya kuanza kuhesabu upya.