Charlie Chaplin hakuwa anabahatisha, na bubu hakuwa

Wiki iliyopita nimeisikia tena ile ya kwamba Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za zamani zisizo na sauti, alikuwa anabahatisha tu, safari hii nikaona bora niandike maana mdomo umechoka. Mi nahariri video hapa Sinza, wateja wangu wengi ni vijana wa komedi za YouTube. Dogo mmoja kaja na flashi, ndani klipu kama 40, kila tukio teki moja, yani kashuti mara moja tu basi, kuna moja kamera imezimwa mtu hata hajamaliza kuanguka. Namwambia mdogo wangu hapa hamna cha kuunga, rudini mkashuti tena, teki tatu kila tukio, ananiangalia kama nataka kumla hela. "Kaka, komedi haitaki mambo mengi, Chaplin mwenyewe hakuwa na skripti, alikuwa anawasha kamera anaanza vituko."

Sa nusu ya hiyo sentensi ni kweli, ndo maana inaniudhi kuliko uongo mzima. Chaplin miaka ya mwanzo kweli hakuwa anaandika skripti. Alikuwa anaingia studio na wazo, anafanya mazoezi huku kamera inazunguka, anaangalia kilichotoka, anatupa, anaanza upya, yani wenzake wanaandika kwenye daftari ye daftari lake lilikuwa filamu yenyewe. Kwa hiyo huyo asiye na skripti ndo alirudia mara nyingi kuliko wenye skripti. Vijana wanabeba ile "hamna skripti" wanaziacha teki barabarani.

Chukua City Lights, imetoka 1931. Kuna tukio la dakika chache tu, yule mhusika wake mzururaji wa suruali pana na koti la kubana anakutana na binti kipofu anauza maua. Hadithi nzima inategemea kitu kimoja, binti amdhanie jamaa ni tajiri. Ila binti haoni, na filamu haina maneno. Haya niambie wewe, utamfanyaje kipofu aamini mtu fukara ana hela bila mtu yeyote kusema kitu? Chaplin alikwama hapo. Akarudia, akaacha, akashuti mambo mengine, akarudi palepale, hesabu inayotajwa ni teki 342 kwa hilo tukio moja, na katikati ya hayo yote akamfukuza hadi huyo dada, Virginia Cherrill, baadaye akamwita tena.

Jibu lilikuja kuwa mlango wa gari. Kuna foleni barabarani, jamaa anamkwepa polisi, anakatisha ndani ya gari la kifahari lililosimama, anatokea upande wa pili anafunga mlango. Binti anausikia, anageuka na ua mkononi, kwake yeye aliyeshuka hapo ni bosi. Jamaa ananunua, anatoa sarafu. Kabla hajapewa chenji mwenye gari anakuja, anapanda, mlango unafungwa tena, gari linaondoka, na binti anabaki na chenji ya watu anaamini mteja kashaenda zake. Jamaa angeweza kusema nipo hapa, ila anakausha, ananyata anaenda kukaa pembeni amtazame, binti anasuuza chombo chake cha maua na yale maji anammwagia usoni bila kujua. Mi hilo tukio nimelitazama sijui mara ngapi na kila mara nakumbuka kwamba kila kitu kimebebwa na mlango ambao mimi na wewe hata hatuusikii. Alianza kushuti filamu hiyo mwisho wa 1928 akamaliza 1930, na hilo tukio ndo lilimtesa kuliko yote.

Alafu kuna cha kiatu, kwenye The Gold Rush ya 1925, njaa imewabana porini anachemsha kiatu anakila kwa adabu zote, kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi na misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Watu wanaona kituko cha kubuni papo hapo. Kile kiatu kilitengenezwa kwa pipi ya likorisi, siku 3 na teki 63, na likorisi ukiila kwa wingi linafungua tumbo, kwa hiyo malizia mwenyewe.

Mtu atasema ye alikuwa na hela. Kweli, studio ilikuwa yake, wafanyakazi anawalipa yeye hata siku anakaa tu anawaza, wewe kamera umekodi na saa kumi na mbili jioni mwenyewe anaitaka. Naelewa. Ndo maana sijasema teki 342, nimesema tatu. Tatu tu! Na ushauri wangu ambao wateja wote washauchoka ni huu, kabla hujaniletea klipu izime sauti uitazame, kama haichekeshi mpaka mtu atukanwe au zile sauti za kuweka juu ziingie, basi hujashuti komedi, umerekodi kelele.

Wengine wanaruka wanamtaja mzee Majuto, eti ye alikuwa anatoa kichwani tu. Mzee Majuto alikuwa kwenye majukwaa miaka mingi kabla hujamwona kwenye CD, hicho kichwa anachotolea kilijaa huko. Chaplin vilevile, alipanda jukwaani mtoto London, akaja kupikwa kwenye kampuni ya Fred Karno, hao kazi yao ilikuwa vichekesho vya mwili vinavyorudiwa usiku baada ya usiku. Alipoingia mbele ya kamera 1914 alikuwa na miaka karibu 25 na tayari ni fundi.

Tuje kwa hizi stori nyingine wanazosema juu ya Chaplin, haraka.

Eti alikuwa bubu. Jamani. Filamu ndo hazikuwa na sauti, mtu alikuwa na sauti yake nzuri tu. Kwenye Modern Times ya 1936 anaimba kabisa, wimbo wa maneno yasiyo na maana, na The Great Dictator ya 1940 anaongea mwanzo mwisho na anamaliza na hotuba ndefu. Zilipokuja filamu za kuongea ye aligoma kwa miaka, aliona yule mzururaji akifungua mdomo kwa Kiingereza basi Mjapani na Mswahili wameshampoteza.

Eti alikuwa anatembea mbio vile. Hapana, na hii ni ya fani yangu kabisa. Kamera za zamani zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, picha kama 16 mpaka 18 hivi kwa sekunde, ukiichezesha kwenye mashine ya picha 24 kila mtu anakimbia. Mara nyingine walizungusha taratibu makusudi ili ikichezeshwa ikimbie. Kwa hiyo ukiniletea yako nikuwekee spidi "kama Chaplin" ujue unaiga hitilafu ya mashine.

Eti Mmarekani. Mwingereza, kazaliwa 1889, na uraia wa Marekani hakuwahi kuchukua hata siku moja.

Eti alikuwa muigizaji tu. Aliandika, aliongoza, alihariri, muziki wa City Lights na zilizofuata alitunga mwenyewe, na 1919 alikuwa mmoja wa wanne walioanzisha kampuni ya filamu ya United Artists.

Eti walimkamata wakamfukuza Marekani. Alisafiri mwenyewe 1952 kwenda kuzindua filamu London, akiwa baharini serikali ya Marekani ikamfutia kibali cha kurudi, siasa za kuwinda wakomunisti. Akahamia Uswisi na familia, Marekani akakanyaga tena 1972 kupewa Oscar ya heshima, ukumbi ukasimama ukapiga makofi dakika nyingi mzee anafuta machozi.

Ila kuna moja ambayo ni kweli tupu. Alifariki Krismasi ya 1977, na Machi 1978 mafundi magari wawili wakafukua kaburi wakaiba jeneza lake, wakadai hela kwa mjane, Mei likakutwa limefukiwa kwenye shamba la mahindi. Wakamzika upya na zege juu. Hiyo nikimwambia mteja ananiambia kaka acha fiksi.