Gredi ni yako, kibali ni cha duka

"Mwalimu, nikimaliza kozi nitapewa leseni ya saluni?" Kila darasa jipya halikosi mtu wa kuuliza hivyo, nami humjibu: hapana, utapewa cheti. Hapa Kenya karatasi inayothibitisha ujuzi wa mkono wako na ile inayoruhusu duka lifunguliwe hutoka ofisi tofauti, na kuwa na moja hakukupi ya pili. Ndiyo maana utakuta saluni imejaza vibali ukutani, na ndani hamna hata msusi mmoja aliyewahi kutahiniwa.

Nianze na za duka, maana ni fupi. Kibali cha biashara hutoka kaunti kila mwaka. Afisa wa afya ya umma huja kutazama maji, choo na usafi, zimamoto nao wana cheti chao, na ukiwasha redio wateja wakasikia, kuna leseni ya muziki vilevile. (Hiyo ya muziki ndiyo huwashtua watu kuliko zote.) Kati ya wote hao, hakuna atakayekuambia umpake mtu dawa ya nywele aone unavyofanya.

Kazi hiyo ni ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mtihani wao wa ufundi, ambao mtaani tunauita tredi testi, una gredi tatu: unaanzia III, unapanda II, kisha I. Hufanywa kwa misimu: Aprili, Agosti na Desemba. Ususi ni fani yake na urembo wa ngozi na kucha ni fani nyingine, kwa hiyo aliyefanya nywele asidhani gredi yake inamfunika kwenye feshali, yaani usafishaji wa ngozi ya uso. Ninachoupendea mtihani huu ni kwamba haumfungii mlango asiyepitia chuo. Dada aliyefundishwa na shangazi yake pale Kongowea, akasuka tangu shule ya msingi, anaweza kujiandikisha sawa na aliyelipa karo. Njia nyingine ni ya vyuo vya ufundi, chini ya mfumo wa TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo hivyo, wenye ngazi ya 3 hadi ya 6, na inamfaa anayetaka kuendelea hadi diploma. Hata ukichagua ipi, usilipe karo kabla ya kuhakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi. Mjini kuna vyuo vya ghorofani vinavyotoa vyeti vyenye muhuri wa dhahabu, na ukitoka nje ya mlango wao havina thamani.

Sasa chumba cha mtihani, ambamo nami hutahini. Unakuja na modeli wako (mtu utakayemhudumia), vifaa vyako na taulo zako. Watahiniwa wengi roho iko juu kwa ajili ya mtindo utakavyotokea, ilhali mtahini ameshaanza kuandika kabla kopo halijafunguliwa. Chukua ritachi, yaani kulainisha kwa dawa nywele mpya zilizoota. Mtahiniwa mmoja anafunga taulo shingoni mwa modeli na kuchota dawa. Mwenzake anazigawanya nywele kwa vidole, anaikagua ngozi ya kichwa kwenye mwanga, kisha anauliza: "Umefumua lini? Umeosha leo? Umejikuna?" Huyu wa pili ameshaanza kufaulu. Dawa ya kulainisha nywele huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali, mwisho wake 14) ya 12 hadi 14. Hivyo ndivyo inavyovunja viunganishi vya salfa vinavyozipa nywele mkunjo wake, na haibagui kati ya nywele na ngozi. Kichwa kilichokunwa asubuhi kina mikwaruzo usiyoiona, na kilichooshwa leo kimepoteza mafuta yanayokikinga.

Baada ya hapo natazama mafuta ya mgando yakipakwa ukingoni mwa nywele, masikioni na shingoni, kichwa kigawanywe sehemu nne, dawa ianzie nyuma kwenye nywele ngumu na kumalizia kwenye zile laini za paji. Tena iwekwe kwenye nywele mpya tu. Zilizokwisha kulainishwa zikipakwa tena ndizo zinazokatikia kwenye kitana, halafu lawama anabebeshwa mwenye kiwanda.

Kosa ninalolikuta hata kwa walio na miaka mingi kazini ni la kusuuza. Maji matupu hayatoshi, na nyutralaiza, ile shampuu ya kuzima dawa, ya mara moja haitoshi. Zipo zinazotoa povu la waridi zikikutana na mabaki ya dawa, na hizo ndizo nzuri kwa anayejifunza: unaosha, unasuuza, unarudia mpaka povu liwe jeupe pe. Na yale maneno "no lye" kwenye boksi yasikuzuge. Ndani hakuna sodiamu haidroksaidi (ndiyo hiyo "lye"), sawa, lakini kuna kalsiamu haidroksaidi unayoichanganya na kichupa cha pili, na pH bado iko juu ya kutosha kuunguza.

Kwenye urembo, mimi hupenda kuuliza kuhusu kile kisanduku chenye taa ya bluu. Watahiniwa huniambia kinaua kila kijidudu. Wapi! Mwanga hufanya kazi pale unapoangaza tu, na chuma kichafu hutoka humo kichafu vilevile. Chombo cha kukatia ngozi ya kucha kisuguliwe kwanza kwa sabuni na brashi, kiloweshwe katika dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 10, ndipo kikae kisandukuni kisiingie vumbi. Kilichogusa damu kipelekwe kwenye otoklevu, mashine ya mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Wembe unatupwa, basi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa siku 7 kwenye kitu kikavu vikiwa bado vinaambukiza.

Swali la mdomo linaloangusha watu ni la mteja anayekuja na krimu yake ya kung'arisha, haina orodha ya viambato, anataka uitumie kwenye feshali. Krimu kama hiyo huenda ina hidrokwinoni au zebaki, na zote mbili ni marufuku katika vipodozi nchini. Unakataa. "Nitampaka kidogo nione" ni sifuri.

Kwa wanaojiandaa kwenda Marekani, huko leseni iko kwa mtu mwenyewe, na kila jimbo lina hesabu yake ya saa za mafunzo. California walidai 1,600 mpaka sheria iliyoanza 2022 ikazishusha kuwa 1,000. New York pia ni 1,000. Kusuka bila kemikali ni habari nyingine: California hawadai leseni, Texas waliiondoa 2015, New York wana leseni ya nywele asilia ya saa 300. Msusi wa rasta anaweza kuwa kazini Dallas wakati mwenzake wa Brooklyn yuko darasani.

Bodi ya leseni ya jimbo inayopokea mafunzo ya nje hutaka kuziona saa hizo kwenye karatasi, na cheti cha gredi hakizitaji. Kama uko chuoni sasa, mwombe msajili barua inayoonyesha saa za nadharia na za vitendo, kila somo peke yake, yenye tarehe na muhuri. Iombe kabla hujaondoka. Vyuo vyetu hivi huhama jengo na kubadilisha jina, na mafaili hayahami navyo.