Je, wajua kwa nini samaki wa kufugwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi akiwa humo humo majini?

Kama umewahi kuwa kwenye ngalawa usiku ukaona maji yanawaka buluu kila kasia likigusa, basi ushakutana na dinoflajelati, maana wengi wanaowasha bahari usiku ndo hao. Ni viumbe vya chembe moja tu, huwezi kusema mnyama wala mmea, wapo wanaojipikia kwa jua kama majani, wapo wanaowinda, na wapo wanaofanya yote mawili.

Kinachonishangaza zaidi ni wanavyoogelea. Kila mmoja ana vijimkia viwili, kimoja kimemzunguka kiunoni kama mkanda na kinamzungusha kama pia, kingine kinaburuta nyuma kinamsukuma aende mbele. Kwa hiyo hawasubiri mkondo uwapeleke, mchana wanapanda juu kufuata jua, usiku wanashuka chini mita kumi na zaidi ambako mbolea ya maji ipo, afu asubuhi hao wanapanda tena. Mimea mingi midogo ya baharini haina uwezo huo, ndo maana hawa wakipata joto na maji yaliyotulia wanaongezeka mpaka bahari inabadilika rangi, inakuwa nyekundu au kahawia.

Sio wote wabaya, wengi hawana shida kabisa. Ila yupo mmoja anaitwa Cochlodinium polykrikoides, chembe zake ukizipanga kama 25 hivi ndo unapata milimita moja, na zinaungana mnyororo zikaogelea pamoja. Huyu mwaka 1995 aliingia pwani ya kusini ya Korea Kusini, kwenye vizimba vya samaki, hasara ikafika won bilioni 76, won ni pesa ya huko. Mwaka 2008 akatokea Oman na Ghuba ya Uajemi, akakaa miezi zaidi ya minane, samaki wakafa maelfu ya tani na hata mitambo ya kusafisha maji ya bahari yawe ya kunywa ikabidi mingine ifungwe.

Anauaje sasa? Anatoa ute unaonata, pamoja na kemikali zinazounguza ngozi laini ya mashavu, yale mekundu samaki anayopumulia. Mashavu yanavimba, samaki naye anatoa ute wake kujikinga, mwisho oksijeni inakuwepo majini ila haipiti kuingia kwenye damu. Na wingi ule wa chembe ukianza kufa na kuoza, hata hiyo oksijeni iliyokuwepo inaisha. Samaki wa huru akihisi hali mbaya anaweza kukimbia, wa kizimbani ataenda wapi jamani, nyavu imemzunguka pande zote na amebanana na wenzake, wanaweza kufa ndani ya masaa machache tu mfugaji anaangalia.

Wafugaji wa Korea tangu 1996 wanamwaga udongo wa njano baharini, punje zake zinanasa zile chembe zinazama nazo chini. Wengine wanavuta vizimba kwenda maji safi kama bado kuna muda. Na jambo ambalo mfugaji mgeni hulikosea, wanaacha kulisha kabisa, maana samaki akishiba anahitaji oksijeni nyingi zaidi kusaga chakula, na hapo hata ya kuishi tu hana.