Nzi wa miguu mirefu si nzi wa jalalani

Jirani yangu hapa Nairobi akiona nzi mdogo wa kijani akimeremeta juu ya sukuma wiki zake, hukimbilia dawa. "Hawa wanatoka jalalani," husema. Huniuma kila mara.

Dhana: Kila nzi wa kijani ni mchafu.
Nzi mnene wa kijani anayetua kwenye mizoga ni wa ukoo mwingine kabisa. Huyu wa sukuma wiki ni mwembamba, na husimama juu ya jani kwa miguu mirefu kama aliyeinuka kuchungulia. Ni wa familia ya Dolichopodidae, yenye spishi zaidi ya 7,000, na kazi yake ni kuwinda. Akimpata kidukari au mdudu mwingine laini, humfumbata kwa midomo, humponda, kisha humfyonza. Binadamu hamuumi. (Jina pekee si kigezo: yule tunayemwita nzi wa Nairobi hata si nzi, ni mbawakawa, naye haumi, sumu yake hutuunguza tukimponda juu ya ngozi.)

Dhana: Nzi hawawezi kuishi baharini.
Sisi wa bara, tunaoiona pwani Desemba hadi Desemba, tunaiamini sana hii. Lakini familia hiyohiyo ina jenasi ya Thinophilus, jina la Kigiriki lenye maana ya mpenda ufuo, na wengi wao huwinda kwenye matope na mchanga wenye chumvi. Ndugu zao wa jenasi ya Aphrosylus, wa miamba ya Ulaya, wananishangaza zaidi. Mabuu yao hukaa katikati ya mwani na viumbe wadogo wenye magamba waliong'ang'ania mwamba. Maji yakijaa, bahari huwafunika. Yakipwa, huachwa wazi kwa jua na upepo. Hayo ndiyo makao yao, wala hawakupotea njia.

Dhana: Miguu ile ni ya kutembelea tu.
Madume wa spishi nyingi wana manyoya au vibapa miguuni, na huvipunga mbele ya jike kabla ya kupandana.

Dhana: Dawa huwamaliza wadudu waharibifu tu.
Dawa nyingi za wadudu huua kidukari pamoja na mwindaji wake. Kidukari jike huweza kuzaa bila dume, kwa hiyo hurudi upesi. Nzi wetu huanza upya kama buu, mara nyingi kwenye udongo wenye unyevu, nako huchukua muda. Jirani anapopuliza tena, mlinzi wa bustani bado yumo udongoni.