Mpira wa kioo cha gari la zamani haupakwi oili

Hapa Malindi, wengi wenye Peugeot 504 na magari mengine ya zamani huamini kwamba mpira unaozunguka kioo cha mbele hupakwa grisi au oili ya injini ili uingie vizuri na udumu. Ni kweli unateleza, ndiyo maana imani hii imeshika. Lakini oili hupenya ndani ya aina nyingi za mpira wa vioo: mpira hufura, hulegea, na mdomo wake, yaani ukingo wake, haukamati tena bati la gari. Mvua ikiingia, kwa hewa yetu ya chumvi, kutu huanza chini ya mpira, pale usipopaona. Hilo ndilo linaloniuma, maana bati hilo kulirudisha ni kazi kubwa.

Kinachofaa ni maji ya sabuni. Vika kioo mpira, laza kamba nyembamba ndani ya mfereji unaokalia bati, ncha zipishane chini, upande wa ndani. Mmoja asukume kioo kwa viganja kutoka nje, mwenzake avute kamba polepole. Mdomo utajipindua wenyewe juu ya bati.

Ukitaka kuhakikisha, kata vipande viwili sawa vya mpira mkuukuu. Kimoja kitie kwenye oili, kingine kwenye maji ya sabuni. Baada ya wiki vipime kwa rula, kisha uvibonyeze.