Kabla ya Kulipa Ada ya Fidia ya Burma: Maelezo kwa Familia za Askari wa Keya

Malalamiko yanayofika katika ofisi yetu ya nyaraka kutoka kwa familia za askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) yameongezeka, na karibu yote yanafanana: mgeni amebisha hodi, amedai kwamba Uingereza imetenga fidia kwa wajukuu wa waliopigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha ameomba ada ya kufungua faili na kuondoka na medali ya marehemu. Ofisi hii haifungui faili za fidia na haina wakala anayezunguka vijijini. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3. Kughushi hati ni kosa chini ya kifungu cha 349, nalo lina adhabu kama hiyo. Kifungu hicho cha pili kinaweza pia kumfikia mwanafamilia anayekubali cheti cha babu yake kiongezwe mwaka au cheo ili "kesi iwe na nguvu", na jambo hili tumelieleza mara nyingi mno.

Uchungu wa familia hizi tunauelewa, na haukuzuliwa. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walishuka bonde la Kabaw, huko Burma, katikati ya mvua za monsuni, wakitembea kwenye matope na malaria, na mwezi Desemba wakavuka mto Chindwin huko Kalewa, mahali palipojengwa daraja la chuma la zaidi ya mita 350. Wengine hawakufika hata Asia. Tarehe 12 Februari mwaka huo, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Japani, ikazama kwa muda mfupi sana, na watu 1,297 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliorudi walipewa kiinua mgongo kidogo kuliko Wazungu waliotumikia jeshi hilohilo.

Wako wanaosema kwamba wote walijitolea, kwa hiyo hawadai kitu. Kwenye karatasi, kujiunga na Keya kulikuwa kwa hiari, na wapo waliofuata mshahara au waliotaka kuona dunia. Lakini machifu walidaiwa idadi ya vijana, na kanuni za wakati wa vita ziliruhusu watu kuandikwa kwa lazima. Neno "hiari" katika cheti halitoshi kueleza jinsi askari alivyoondoka nyumbani.

Anayetafuta habari za mzee wake aanze na namba yake ya jeshi. Medali peke yake haithibitishi kitu: Nyota ya Burma, ile ya shaba yenye ncha 6 na utepe wa buluu iliyoiva, rangi ya chungwa na nyekundu katikati, kwa kawaida ilitolewa na Uingereza bila kuchongwa jina la mwenyewe. Namba hupatikana kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, na wakati mwingine nyuma ya picha ya zamani, imeandikwa kwa penseli. Jina hubadilika kadiri karani alivyolisikia. Kwa hiyo jaribu kila tahajia unayoweza kuifikiria, pamoja na jina la baba likiwa peke yake.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kwa Vita vya Pili vya Dunia huorodhesha waliokufa kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 pekee. Babu aliyerudi akafa kitandani mwake mwaka 1970 hayumo, na hilo si kwa sababu kuna mtu aliyemfuta. Waliopotea na Khedive Ismail watafutwe kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Kumbukumbu za kila siku za vikosi ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, nazo zimepangwa kwa kikosi. Asiyejua batalioni ya mzee wake atahangaika bure.

Ukileta hati kwetu, lete ile ya asili, usiipake plastiki wala kuibandika gundi. Itanakiliwa mbele ya macho yako, pande zote mbili, na utarudi nayo nyumbani siku hiyohiyo.