Kuhamisha watumiaji hatua kwa hatua: aplikesheni ya zamani inapopisha mpya

Wanaokumbuka antena zilizofungwa kwenye mti mrefu juu ya bati wanakumbuka pia msimu wa ving'amuzi. Tanzania haikuzima mitambo ya televisheni ya analojia nchi nzima kwa siku moja. Ilianza Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, kisha miji mingine ikafuata kwa zamu mwaka 2013. Aliyekuwa Mwanza alipata nafasi ya kusikia wenzake wa Dar wanalalamikia nini kabla zamu yake haijafika, na mafundi nao walipata nafasi hiyohiyo.

Kuhamisha watumiaji wa aplikesheni ya simu hatua kwa hatua ni jambo la namna hiyo. Kuna aplikesheni ya zamani ambayo watu wanaitegemea kila siku, na kuna mpya iliyotengenezwa ili iirithi. Wenye nayo hawawasukumi watu wote kwa mkupuo mmoja. Wanawavusha kwa mafungu: wachache kwanza, wanatazama kilichowapata, wanaongeza, wanatazama tena. Muda wote huo ya zamani inafanya kazi kama kawaida. Hili la mwisho ndilo linalobeba dhana nzima. Ya zamani ikishazimwa, au seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoihudumia kupitia mtandao, zikishabadilishwa kiasi kwamba haiwezi kurudi, hakuna tena hatua kwa hatua.

Kuna njia mbili za kuvuka. Ya kwanza ni sasisho: aplikesheni ni ileile kwenye simu, ila matumbo yake yamebadilishwa. Ya pili ni aplikesheni nyingine kabisa, ambayo mtu anatakiwa aitafute dukani na kuipakua. Hii ya pili ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Kwenye Android kila aplikesheni ina jina la ndani lisiloonekana na mtumiaji, na jina hilo halibadilishwi baada ya kuchapishwa kwenye Google Play. Ukitumia jina jipya umezaliwa upya: huna watumiaji, huna maoni ya wateja, na simu haikuruhusu kufungua mafaili ya siri ya ile ya zamani kwa kuwa tu mmetoka kampuni moja. Kila mtu lazima ahame kwa mikono yake. Ndiyo maana ukiweza kubaki na jina lilelile, baki nalo. Google walifanya hivyo mwaka 2022: hawakuwaambia watumiaji wa Duo, aplikesheni yao ya kupigiana simu za video, wapakue kitu kingine, waliisasisha Duo mikononi mwao mpaka ikawa Meet.

Sasa, nani anaanza? Maduka yenyewe yana utaratibu wake. Google Play inamwachia mtengenezaji achague asilimia ya watumiaji watakaopata toleo jipya. Duka la Apple lina ratiba ya siku 7 kwa wanaosasisha kiotomatiki: asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50, kisha 100, na mtengenezaji anaweza kuisimamisha kwa jumla ya siku zisizozidi 30. Lakini kusimamisha si kurudisha. Aliyekwisha kupata toleo bovu anabaki nalo mpaka umtolee jingine lenye namba ya juu zaidi.

Kwa sababu hiyo timu makini huweka swichi upande wa seva. Sura zote mbili, ya zamani na mpya, zinakuwa ndani ya simu, na seva ndiyo inayosema ipi ifunguke. Namba ya akaunti inapitishwa kwenye hesabu fulani inayotoa jibu kati ya 0 na 99, na jibu la akaunti moja ni lilelile daima. Lango likiwekwa 5, wanaingia wenye 0 hadi 4. Likipandishwa hadi 20, wale wa mwanzo wamo bado, wengine wanaongezeka. Kukitokea hitilafu, lango linashushwa hadi 0 na watu wanarudi walikotoka bila kupakua chochote. Kosa la wanaoanza ni kuchagua sura kwa bahati nasibu upya kila aplikesheni inapofunguliwa. Mama wa watu asubuhi anakuta kitufe cha kutuma pesa juu, jioni kiko chini, kesho kimerudi juu. Huyo hatakuamini tena.

Asilimia ndogo nayo ina udanganyifu wake. Ukiwa na watumiaji 20,000, asilimia 1 ni watu 200. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya 500 linaweza lisimguse hata mmoja wao, ukajipongeza kwa kazi safi. Tena wanaosasisha mapema ni wenye simu mpya, Wi-Fi ya ofisini na nafasi ya kutosha. Aliyezima masasisho ili bando lisiishe haonekani kwenye takwimu zako za wiki ya kwanza.

Mfano wa kuhama bila daraja upo. Mei 2024 kampuni ya spika ya Sonos ya Marekani ilitoa aplikesheni mpya ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Kengele za kuamsha na kipima muda cha kulala havikuwemo, na wasioona wanaotegemea simu iwasomee kioo walipata shida kubwa. Watu waliomba warudishiwe ya zamani. Mkurugenzi mkuu, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani Julai, na mwezi uliofuata akaeleza kwamba kuirudisha kungeongeza matatizo, kwa kuwa mfumo ulio nyuma yake ulikuwa umeshabadilika. Kampuni ilikadiria gharama ya kurekebisha kuwa dola milioni 20 hadi 30. Januari 2025 aliachia ngazi.

Nililolishuhudia kwa macho yangu lilikuwa dogo kuliko hilo, na liliniuma zaidi. Niliwahi kuwa kwenye timu iliyotengeneza aplikesheni ya kutunzia hesabu za vikoba. Tulitoa mpya kwa jina jipya, na ndani ya ya zamani tukaweka tangazo: pakua mpya. Mhazini wa kikoba kimoja alitii. Simu yake ikamjibu nafasi haitoshi. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: akaifuta ya zamani ili apate nafasi, kwa kuwa tulikuwa tumeshamwambia ina mwisho wake. Marejesho ya wiki tatu yalikuwa hayajapanda kwenye seva, kwa sababu kwao mtandao ni wa kubahatisha. Ukifuta aplikesheni kwenye Android, data zake za ndani zinakwenda nayo. Alikuja na daftari la mistari, wino wa bluu, majina ya akina mama na tarakimu pembeni, tukakaa naye mchana kutwa tukiingiza upya. Kosa lilikuwa letu. Tangazo lilipaswa lisitokee kabisa mpaka simu ithibitishe kwamba kila kilichomo kimefika seva.

Tangu hapo nikisikia mtu anasema watumiaji wamehama, nauliza kilichohama ni nini. Idadi ya waliopakua ni kipimo dhaifu. Aliyehama kweli ni yule aliyefanya kazi yake ya kawaida huko mpya, akarudi tena siku ya pili na ya saba, na salio lake ni lilelile. Mpaka afike hapo, seva inabidi izielewe aplikesheni zote mbili, na anachoandika upande mmoja kionekane upande wa pili. Ni kazi maradufu kwa miezi, na ndiyo bei ya kuhama salama.

Tarehe ya mwisho lazima iwepo, maana hakuna timu inayoweza kutunza nyumba mbili milele. Microsoft ilitangaza 28 Februari 2025 kwamba Skype, aplikesheni yake ya kupigiana simu na kuandikiana, itafungwa 5 Mei. Muda ulikuwa mfupi, ila daraja lilijengwa vizuri: akaunti ileile ya Skype ilifungua Teams, aplikesheni yao nyingine ya mawasiliano, mazungumzo na majina ya ndugu yakamkuta mtu huko, na asiyetaka Teams aliweza kupakua vyake. Miaka saba nyuma kampuni hiyohiyo ilipanga kuachana na Skype ya zamani 1 Septemba 2018, watumiaji wakapaza sauti, tarehe ikasogezwa mpaka Novemba.

Wanaobaki mwishoni mara nyingi huitwa wabishi. Wengi wao wana simu ambayo mpya haiwezi kuingia, au walirushiwa aplikesheni na rafiki kwa Bluetooth na hawajawahi kufungua Play Store. Tangazo la ndani haliwasaidii. Siku chache kabla ya kuzima seva yetu ya zamani tuliandika namba za waliobaki, hazikujaza hata ukurasa mmoja, tukawapigia mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshabadilisha laini. Mmoja alitaka tu kujua kama hesabu za mwaka uliopita ataendelea kuziona, tukasubiri kwenye simu mpaka akaziona.